Zibua Kabla ya Mvua

Kesho asubuhi, kabla hujashika simu, toka nje ukauangalie mtaro unaopita mbele ya nyumba yako. Ukiukuta umejaa mchanga, majani na chupa za plastiki, usimngoje mwenyekiti wa mtaa wala usiitishe kikao. Chukua sepetu uingie. Baada ya nusu saa utakuwa umelowa jasho, wapita njia wawili watakuwa wameshakuuliza unalipwa na nani, na maji ya mvua ijayo yatakuwa yamepata pa kupitia. Jasho litakauka. Wapita njia waitikie salamu yao, waende zao. Hayo maji yaliyopata njia ndiyo yaliyonikalisha chini leo nikaandika.

Aliyenifunza hivi ni mjomba wangu, kaka yake mama, tuliyemzika mwaka jana Ilula, mkoani Iringa. Ilula ni mji mdogo wa nyanya uliojipanga kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma. Ukiupanda Mlima Kitonga ukitokea Ruaha Mbuyuni, ukazimaliza zile kona zinazowafanya abiria wanyamaze, hukai sana utaanza kuona matenga ya nyanya yamepangwa pembeni mwa lami, na kina mama wakiyakimbilia madirisha ya mabasi na ndoo kichwani. Umepita hapo mara ngapi? Kila ulipopita salama wakati wa mvua, kulikuwa na mtu aliyetangulia kukutengenezea njia, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mjomba na wenzake.

Siku ya maziko, wasifu wake ulisomwa kwa dakika nne. Kazaliwa, kasoma mpaka darasa la nne, kaoa, kapata watoto watano, kafanya kazi ya barabara, kastaafu, kaugua, katutoka. Msomaji akaikunja karatasi, kwaya ikasimama. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai nikahisi moto kifuani. Dakika nne! Mtu aliyehudumia barabara ya nchi kwa zaidi ya miaka thelathini, akalea watoto watano kwa mshahara wa sepetu, akaishi na mke mmoja mpaka nywele zote zikawa nyeupe, anaagwa kwa dakika nne? Lakini sikuwa na wa kumlaumu. Karatasi ile tuliiandika sisi wenyewe wanafamilia, usiku, kwa taa ya simu, na tulipofika kwenye neno "kazi" tuliandika maneno mawili tukapita. Ndiyo maana naandika sasa. Ndugu yangu unayesoma, usikubali maisha ya mzee wako yapimwe kwa kile tu kinachoonekana kwa mbali. Usikubali ya kwako yapimwe hivyo pia.

Alianzia wapi? Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao. Zambia, nchi isiyo na bahari, ikaona njia yake ya kusini imeingia matatani, na mafuta yake na shaba yake vikaanza kupitia Dar es Salaam. Malori yakawa yanapita mchana na usiku kwenye barabara ya udongo, na masika ilipoingia matope yaliyameza mpaka ekseli. Wageni walioendesha malori hayo waliipa barabara ile jina la njia ya jehanamu. Kisha lami ikaja, ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mjomba wakati huo alikuwa kijana anayechunga ng'ombe wachache wa baba yake. Alisimama pembeni akaitazama shindilia ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, siku nzima, juu ya kipande kile kile cha ardhi. Kesho yake aliwaacha ng'ombe kwa mdogo wake, akaenda kuomba kibarua.

Walimpa ndoo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwachotea wafanyakazi maji ya kunywa. Sikuwahi kumsikia akiisimulia ndoo ile kwa aibu, hata mara moja. Aliisimulia kama wenzake walivyosimulia siku waliyooa. Wewe kijana uliyemaliza chuo ukapewa kazi ya kupiga chapa karatasi za watu, wewe dada unayechoma mahindi stendi huku cheti chako kikiwa kwenye begi chini ya kitanda, sikiliza: umepewa ndoo. Ibebe. Ukiibeba vizuri utajua kisima kiko wapi, nani ana kiu, nani anafanya kazi na nani anajificha nyuma ya greda. Mjomba aliijua barabara nzima kwa sababu alikuwa ameipita yote na ndoo mkononi.

Baadaye aliajiriwa, akaingia kambi ya barabara. Genge lao lilikuwa na watu wanane na kipande cha barabara cha kutunza. Fyekeo la nyasi, jembe, sururu, sepetu, toroli, pipa la lami la kuziba viraka. Hizo ndizo zilikuwa zana zake. Greda lilikuja siku moja moja, nalo liliondoka na dereva wake. Yeye alibaki.

Nilikuwa darasa la tano, nimekwenda kwake likizo, nilipomwuliza swali la kitoto: kama lami ni ngumu hivi, mashimo yanatoka wapi? Tulikuwa tunakula. Hakunijibu kwa mdomo. Alimega tonge kubwa la ugali, akalibana mpaka likawa bapa, akaliweka kwenye sahani kavu, akasema, "Bonyeza." Nikabonyeza, likahimili. Akamimina mchuzi pembeni kidogo kidogo, akangoja ugali uunyonye kwa chini. "Haya, bonyeza tena." Kidole kikazama. Akanitazama. "Umeona, mjomba? Juu hapajabadilika. Kilicholegea ni tumbo." Aliniita mjomba nami nilimwita mjomba, ndivyo tulivyoitana maisha yetu yote.

Tangu siku ile siioni barabara kwa macho ya mpita njia. Lami tunayoikanyaga ni ngozi, mara nyingi unene wa sentimita chache tu. Mzigo unabebwa na kokoto, changarawe na udongo ulioshindiliwa chini yake, na vyote hivyo vina nguvu vikiwa vikavu. Ndiyo maana barabara hujengwa na mgongo, katikati juu kidogo, kingo chini, ili maji yateremke haraka yaingie mtaroni, na mtaro uyapeleke kwenye kalavati, na kalavati liyatoe upande wa pili. Mtaro ukiziba, maji yanasimama, na maji yaliyosimama hutafuta pa kuingia. Yakishaingia tumboni, lori likapita juu, tairi linayakamua. Yanatoka na udongo laini, na pengo linabaki. Wiki mbili baadaye tunalipa pengo hilo jina la shimo na kuanza kutafuta wa kumlaumu.

Na lori lenyewe si la mchezo. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori kubwa linaruhusiwa kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Watafiti waliofanya majaribio makubwa ya barabara kule Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, waliona kwamba ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara yanakaribia mara kumi na sita. Sasa yaweke pamoja: uzito huo wote unateremka Kitonga kwa gia nzito, breki zinanuka, mvua inapiga, na chini ya lami kuna udongo ambao ama umelowa ama haukulowa. Ikiwa haukulowa, ni kwa sababu kuna mtu alipita pale mwezi wa kumi, jua kali, akazoa mchanga kwenye mtaro mkavu huku watu wa kwenye daladala wakimshangaa anazibua nini wakati hata wingu hakuna.

Mwezi wa kumi! Lishike neno hilo. Iringa mvua huanza kuja mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, ikaendelea mpaka wa nne. Mvua ikishaanza kila mtu ni hodari. Kila mtu anashika jembe maji yakiwa mlangoni, maana maji hayampi nafasi ya kukataa. Mtu ninayetaka uwe ni yule wa mwezi wa kumi. Yule anayeinuka kabla ya kulazimishwa, anayefanya kazi siku ambayo hakuna awezaye kumshukuru kwa kuwa hakuna hatari inayoonekana.

Anayedhani haya ni maneno matamu tu aangalie fedha. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, iliandika kwamba matengenezo ya wakati yenye gharama ya dola bilioni 12 yangeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika muongo mmoja uliokuwa umepita. Soma tena hesabu hiyo. Hospitali ngapi zimo humo? Madawati mangapi? Yote yalichukuliwa na maji yaliyosimama mtaroni. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunajua sana kushangilia utepe ukikatwa, na ni vizuri, barabara mpya ni furaha ya kweli, mkeka ukitandikwa mpaka kijijini kwako lazima upige vigelegele. Nataka tujifunze pia kumpigia vigelegele mtu aliyeifanya barabara ya zamani isife.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mjomba aliinama hasa. Kuna makalavati pale ambayo mtu mzima haingii ila kwa kutambaa. Aliingia akitanguliza sepetu yenye mpini mfupi alioukata mwenyewe kwa kazi hiyo, akizoa tope lenye vyura, matambara na mifupa, akilisukuma nyuma kwa miguu ili mwenzake alipokee. Alinipeleka huko mara moja. Nilivumilia dakika tano. Nilipotoka nikilia nikamkuta anacheka, akaniosha uso kwa maji ya chupa, akarudi ndani.

Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998 ikaja El Niño. Wenye umri wangu mnaikumbuka: mvua iliyokata barabara na kubeba madaraja sehemu nyingi za nchi. Usiku mmoja gogo lilikwama kwenye mdomo wa kalavati, maji yakaanza kupanda ukingo wa barabara. Mjomba alikuwa anakaribia miaka hamsini. Alijifunga kamba kiunoni, wenzake wakaishika, akaingia majini na shoka. Walilikata lile gogo vipande vipande mpaka alfajiri. Kulipokucha maji yalikuwa yameshuka, na mabasi yaliyolala Ruaha Mbuyuni yakaanza kupanda mlima. Yalimpita amekaa kwenye jiwe, amejifunika gunia, anakunywa chai ya kopo. Hakuna abiria aliyegeuza shingo. Wangegeuza kwa lipi? Barabara ilikuwa pale, kama jana, kama siku zote. Hicho ndicho alichokuwa amekifanya usiku kucha: aliifanya barabara iwe kama jana.

Kama wewe ni mama unayeamka saa kumi usiku ili watoto waende shule wameoga na wamekula, na hakuna anayekusifu kwa sababu mambo yanakwenda tu, umemwona mtu wako hapo kwenye jiwe. Kama wewe ni muuguzi wa zamu ya usiku, fundi wa mabomba ya maji ya mji, mhasibu ambaye vitabu vyake havina kelele, kaa naye kidogo, mnywe chai. Kisha inuka urudi kazini kifua mbele. Mambo hayaendi "tu". Yanakwenda kwa sababu umeingia majini na kamba kiunoni.

Lakini nisiandike kazi pekee nikalirudia kosa la ile karatasi ya msibani, kwa kuwa mwenyewe alijihesabu kwanza kuwa baba wa watu. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma ilikuwa na vyumba vitatu na sauti nyingi. Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi kule Iringa, mianzi inakinga, na wanaume wengi jioni zao zinajulikana ziliko. Naye alipenda ulanzi, simfanyi malaika. Alikunywa kikombe kimoja akasimama, kwa sababu usiku wa mvua angeweza kuitwa, na kwa sababu saa moja jioni alikuwa na shule yake. Ndivyo alivyoiita: shule yangu. Madereva wa malori waliomzoea walimrushia magazeti ya Dar es Salaam, ya juzi au ya wiki iliyopita. Aliyakunja vizuri ndani ya koti la mvua, akayaleta nyumbani, na kila mtoto alimsomea habari moja kwa sauti chini ya kibatari. Yeye aliyeishia darasa la nne alikuwa anawasahihisha, na neno asilolijua hakulificha: alimtuma mtoto kwa mwalimu jirani kuuliza. Watoto watano wote walisoma magazeti hayo. Wawili leo ni walimu.

Na Jumapili alimpashia mkewe maji ya kuoga. Siku sita mkaza mjomba alikuwa amemtengea yeye maji ya moto ya kutolea tope, siku ya saba Mjomba aliwasha kuni, akabeba ndoo mpaka bafuni, akagonga mlango wa chumba akasema, "Maji tayari, mama." Wanaume wa jirani walimcheka mpaka wakachoka. Mkaza mjomba alinisimulia hili siku ya pili ya msiba, akiwa amekaa mkekani na khanga begani, na hapo ndipo alipolia, hakulia kaburini. Mwanamume mwenzangu, ni lini mara ya mwisho ulibeba ndoo ya namna hiyo? Leo ni siku gani? Kwa nini ingoje Jumapili?

Sasa nikwambie mtaro aliouacha ukaziba, maana alikuwa nao mmoja, na aliyenisimulia ni mwenyewe kifungua mimba wake.

Kijana huyu alimaliza darasa la saba, jina lake halikutokea kwenye waliochaguliwa kwenda sekondari. Baba alitaka aingie kambini, amshikie toroli, ajifunze kazi. Kijana alitaka Dar es Salaam. Walibishana siku tatu, na siku ya nne, kijana akiwa na begi begani, Mjomba akatamka neno ambalo baba hapaswi kulitamka. Kijana hakunitajia neno hilo, nami sikumwuliza. Aliondoka. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, wa pili ukapita. Hakuandika barua, na hakuna aliyemwandikia. Nyumbani jina lake liliacha kutajwa wakati wa chakula. Fikiria: mtu ambaye hakuweza kulala akijua kuna kalavati moja limeziba, alilala miaka miwili na hilo.

Kisha siku moja ya Oktoba, akiwa mtaroni na sepetu, aliiweka chini, akamuaga nyapara wake kwa siku mbili, akaenda nyumbani akavaa suruali ya kanisani. Mkewe akamjazia debe la nyanya bila kuuliza anakwenda wapi, alijua. Alipanda basi mpaka Ubungo. Alikuwa hajui mji. Aliuliza, akaelekezwa, akapotea, akauliza tena, na jioni alimkuta mwanawe Manzese, kwenye chumba kimoja walichopanga vijana wanne, anapanga mitumba ya kwenda kutembeza Kariakoo asubuhi. Nusu ya nyanya zilikuwa zimepondeka. Kijana anasema alisimama mlangoni hajui ampokee mzigo au amfungie mlango. Mjomba hakuketi. Alisema, akiwa bado amelishika debe, "Mwanangu, lile neno nilikosa. Nimekuja kulitoa."

Kijana hakujibu. Alilichukua debe, akachambua zile zilizopona na zile zilizopondeka, akaosha zilizopondeka, akawasha jiko la mafuta ya taa, akakaanga. Walikula wote watano kwenye sinia moja, wakiongea habari za mvua za kwao. Ilikuwa mara ya kwanza, anasema, kumsikia baba yake akimwuliza swali na kusubiri jibu. Akalala pale sakafuni, katikati ya mitumba, na kesho yake akapanda basi la kurudi kuumalizia mtaro wake.

Miaka miwili ni mingi. Mjomba mwenyewe alijua kuwa ni mingi, mkaza mjomba anasema kila alipoisikia habari ya mtu aliyegombana na mwanawe alimwambia, "Nenda leo." Basi nami nakuambia: nenda leo. Unamjua unayepaswa kumwendea. Jina lake limekujia hapo ulipo, kabla sijamaliza sentensi. Usitafute maneno mazuri, hakuna. Nunua nyanya. Ukifika mlangoni usiketi kwanza, sema ulichokosa, na kama ulikosewa wewe, sema kwamba umekuja. Anaweza asikufungulie. Basi utakuwa umezibua upande wako, na maji yakija yatapita mpaka hapo.

Na ile barua ya hospitali inayokutaka urudi kupimwa shinikizo la damu, uliyoiweka chini ya redio? Ni mtaro huo. Lile deni dogo la dukani unalolipita kwa kuzunguka mtaa wa pili? Lipa hata robo. Mtoto aliyeacha kukuletea daftari lake siku hizi? Mwite, mwambie akusomee. Usipange mwaka mpya wala usingoje Jumatatu. Mjomba alikuwa na kilomita nyingi za kutunza, na kila asubuhi alianza na mtaro uliokuwa karibu zaidi na miguu yake.

Najua utaniambia kuna serikali. Ipo. Barabara kuu na za mikoa zina TANROADS tangu mwaka 2000, na za mijini na vijijini zina TARURA tangu 2017, na kila lita ya petroli au dizeli unayonunua inachangia Mfuko wa Barabara. Wadai kazi yao, wadai kwa sauti, ni fedha yako. Lakini chupa iliyoziba mtaro wa mtaani kwako haikutupwa na mhandisi wa wilaya. Na wewe dereva, ukimwona mtu ameshika bendera nyekundu kwenye jua, amevaa kizibao cha kung'aa, punguza mwendo kabla hujamfikia. Mjomba alimzika mwenzake aliyegongwa akiwa amepiga magoti anaziba kiraka. Shusha kioo, umpe salamu. Ukiwa Iringa sema "kamwene". Utaona uso wake unavyofunguka. Ukiwa na gazeti ulilokwisha soma, mpe.

Siku tulipoanua matanga, wingu lilitanda tangu saa nane mchana. Wajukuu walikuwa wanakusanya viti, kina mama wanaosha masufuria, sisi wanaume tumezunguka meza tukihesabu michango na madeni ya turubai. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye karatasi zetu. Kifungua mimba akainua kichwa, akatazama upande wa barabara. Sasa ni mtu wa zaidi ya miaka hamsini, ana duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, alikuwa amevaa suruali nyeusi ya msiba na viatu vya ngozi. Aliinuka bila kusema, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na ile sepetu ya mpini mfupi. Mdogo wake wa kike, mwalimu, akavua viatu akamfuata. Nami nikakunja suruali.

Kalavati la mbele ya nyumba lilikuwa na tope la miezi yote ya ugonjwa wa Mjomba. Kifungua mimba alitambaa akaingia, sisi tukapokea kwa mikono, kwa karai, kwa sufuria lililokuwa bado na ukoko wa wali. Mvua ikakaza. Watoto wakaacha viti wakaja kusimama upande wa pili wa barabara, wameinama, wanachungulia ndani ya lile tundu jeusi. Tulisikia sauti yake kutoka ndani ikituambia tukae pembeni. Kisha mjukuu mdogo kuliko wote, wa darasa la kwanza, akaruka nyuma akipiga kelele, "Yanakuja! Yanakuja!" na maji mekundu yakatoka kwa upande wao yakimlowesha miguu.